Ridhaa ya wodini na ridhaa ya chamani

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano mkuu wa chama chetu cha watu wanaoishi na maradhi ya akili, familia zao na wahudumu wao. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wanachama ambao hawakuweza kufika, wakiwemo wale waliokuwa wamelazwa siku hiyo.

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, ndugu wajumbe wa kamati tendaji, ndugu wanachama, wazazi na walezi, wauguzi na madaktari mlioitikia mwaliko wetu: ninawashukuru kwa kunipa nafasi hii, na ninawashukuru zaidi kwa kujua nitakachokizungumza na bado mkaja.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Methali hii ni ya upendo. Inamkataza jirani kusimama mlangoni na kumhoji mtu ambaye hana nguvu hata za kujibu. Inamtaka apike, alete, aketi. Lakini uji una sifa moja ambayo methali haikuona haja ya kuitaja: mgonjwa anaweza kufumba mdomo. Anageuza uso ukutani, na bakuli linarudi jikoni. Hakuna anayeitwa kumshika mikono. Taabu yetu ilianza siku methali ya uji ilipohamishiwa kwenye sindano, na ikaendelea, kwa aibu yetu sote, siku ilipohamishiwa kwenye uongozi wa chama.

Mtaniuliza kwa nini ninaiweka wodi na ofisi ya chama katika hotuba moja. Ninaziweka pamoja kwa sababu katika ile ya kwanza mimi nilikosewa, na katika ya pili mimi nilikosea, na kosa lilikuwa ni lile lile.

Nianze na wodini. Miaka mingi iliyopita ndugu zangu watatu walinipeleka hospitali usiku, nikiwa sijalala kwa siku tano. Sitadai kwamba nilikuwa mzima. Nilikuwa mgonjwa, na nilihitaji msaada. Pale mapokezi niliwekewa karatasi mbili na kalamu, nikaambiwa, "Weka saini hapa upate kitanda." Nikaweka. Hakuna aliyenisomea, na mimi nisingeweza kujisomea, kwa kuwa herufi zilikuwa zikitembea mbele ya macho yangu. Asubuhi ya siku ya tatu nilipoomba kurudi nyumbani, nilifunguliwa faili nikaonyeshwa saini yangu: "Ulikubali mwenyewe." Nilipozidi kubisha, wanaume wanne walinilaza kifudifudi nikachomwa sindano. Faili ile inasema mpaka leo kwamba nililazwa kwa hiari.

Ninawauliza, ndugu zangu: ile saini ilikuwa ridhaa? Nilikuwa nimekubali nini? Nilikubali kitanda. Dawa sikuijua jina, madhara yake sikuyajua, muda wa kukaa sikuujua, na jambo kubwa kuliko yote, sikujua kwamba mlango niliouingia kwa hiari usingefunguka kwa hiari. Ndiyo ya mtu ina thamani pale tu ambapo hapana yake ingepokelewa. Wodini hapana yangu ilijibiwa kwa mikono minane, kwa hiyo ndiyo yangu ya usiku ule haikuwa na uzito wowote, hata kama wino wake haujafutika.

Wiki mbili baadaye alikuja muuguzi mwingine. Alivuta kiti akakaa, jambo ambalo wengi hawakulifanya, kwa maana wodini mgonjwa huzungumzishwa na watu waliosimama. Akaniambia dawa ninayopewa inaitwa haloperidoli, kwamba inatuliza sauti na hofu, na kwamba ndiyo inayonikakamaza shingo na kuifanya miguu yangu isitake kutulia hata usiku. Akaniambia yapo madawa mengine, nayo yana madhara yao, mengine huongeza uzito na usingizi. Akaniambia yanayoweza kutokea nikiacha yote ghafla. Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Usinijibu leo. Nitakuja kesho." Alipokuja kesho yake nilimwambia ile siitaki, ningependa kujaribu nyingine kwa kiwango kidogo. Akampelekea daktari neno langu, na daktari akaniita tukazungumza. Dawa niliyoichagua siku ile ndiyo niliyoitumia kwa miaka kumi na moja bila kulazimishwa na mtu. Sindano ya wanaume wanne ilinituliza kwa saa chache, ikanifanya niikimbie hospitali kwa miaka miwili iliyofuata.

Haya si mambo ya muuguzi mwema peke yake. Ni sheria za dunia. Mwaka 1991 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za kuwalinda wenye maradhi ya akili, zikasema kwamba mgonjwa hatatibiwa bila ridhaa yake baada ya kuelezwa, kisha kanuni zile zile zikaorodhesha hali nyingi ambazo ridhaa hiyo ingewekwa kando. Tarehe 13 Desemba 2006 ukapitishwa Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ulioanza kutumika tarehe 3 Mei 2008. Kifungu chake cha 12 kinasema mtu mwenye ulemavu anatambuliwa mbele ya sheria sawa na wengine, na cha 25 kinawataka wahudumu wa afya watoe huduma kwa msingi wa ridhaa huru ya mtu aliyeelezwa. Mwaka 2014 kamati inayosimamia mkataba huo ikaenda mbali zaidi: ikasema kwamba kumwamulia mtu kwa niaba yake kukomeshwe, na mahali pake pawe na kumsaidia aamue mwenyewe. Nchi nyingi hazijafika huko, na madaktari wengi waaminifu hawakubaliani na tamko hilo. Ni haki msikie pande zote mbili.

Ninawaona wazazi mnaotikisa vichwa. Mama mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe unazungumza ridhaa, mimi nimekaa mlangoni usiku kucha nikimzuia asitoke aende barabarani." Mama yangu, sikupingi. Upo usiku ambao mlango lazima ufungwe. Ninachoomba ni kwamba usiku huo usigeuzwe kuwa desturi ya mwaka mzima, na kwamba asubuhi yake mtu aliyefungiwa aulizwe: ilikuwaje, na ikitokea tena ungependa tufanye nini? Mimi nimelazwa mara nne. Swali hilo niliulizwa mara moja tu.

Sasa ninataka tukitazame kitu kinachojificha nyuma ya kunyimwa ridhaa, nacho ni hukumu ya kwamba fulani hawezi kuamua. Hukumu hiyo hutolewa na nani? Na anayeitoa ana faida gani ikikubaliwa?

Mwaka 1860, katika jimbo la Illinois nchini Marekani, mchungaji mmoja alimpeleka mkewe, Elizabeth Packard, katika hospitali ya wagonjwa wa akili huko Jacksonville. Alikuwa mama wa watoto sita. Kosa lake lilikuwa kupingana na mumewe juu ya mafundisho ya dini, na kupingana naye hadharani, mbele ya waumini. Sheria ya jimbo wakati ule ilimruhusu mume kumlaza mkewe bila ushahidi uliotakiwa kwa watu wengine na bila shauri kusikilizwa mahakamani. Alikaa humo miaka mitatu. Alipotolewa, mumewe alimfungia chumbani nyumbani, madirisha yakiwa yamepigiliwa misumari. Packard akapenyeza barua dirishani, ikamfikia rafiki, na shauri likafika mahakamani mwezi Januari 1864. Baraza la wazee wa mahakama lilijadiliana kwa dakika saba, likasema ana akili timamu. Dakika saba, ndugu zangu, baada ya miaka mitatu! Aliutumia uhai wake uliobaki kudai sheria zibadilishwe, na mwaka 1867 jimbo lake likapitisha sheria ya kutaka shauri lisikilizwe kabla ya mtu kufungiwa hivyo.

Ninaipenda habari hii kwa sababu inaonyesha wazi mahali ugonjwa ulipotajwa. Ulitajwa mahali palipokuwa na mgogoro wa mamlaka. Wakati mke alipokuwa akikubaliana na mumewe, hakuna aliyeipima akili yake.

Ndugu wanachama, habari inayofuata mnaijua, lakini nyote mnaijua vipande vipande, na kipande changu hamjawahi kukisikia kutoka kinywani mwangu. Kabla sijaianza niseme kwamba yule ambaye habari inamhusu ameisoma hotuba hii kabla yenu. Alifuta sehemu mbili. Sitazisema.

Wakati ule nilikuwa katibu. Mwenyekiti wetu alikuwa mtu aliyekijenga chama kutoka watu saba chini ya mti, kama tulivyo wengi wetu alikuwa na maradhi yake, na alikuwa na tabia ya kuamua mambo mengi peke yake. Kulikuwa na malalamiko ya kweli. Ripoti ya fedha ilikuwa imechelewa kwa miezi mitano. Wajumbe wawili waliajiri mtu bila kumshirikisha, yeye akamwachisha bila kuwashirikisha. Mambo haya yalihitaji mkutano, na katiba yetu ilikuwa imesema namna ya kuuitisha: taarifa ya siku ishirini na moja, ajenda iliyoandikwa, akidi ya nusu ya wanachama hai, na anayelalamikiwa kupewa nafasi ya kujibu.

Mwenyekiti akaugua. Akalazwa, kwa hiari yake safari hiyo, na akatuandikia ujumbe kwamba atakuwa nje kwa muda wa wiki tatu hivi. Tulifanya nini? Tuliitana watu tisa siku ya tano. Hatukutoa taarifa. Tulisema ni dharura. Mjumbe mmoja akasema, na maneno haya niliyaandika mwenyewe katika kumbukumbu za mkutano, kwamba mwenyekiti "kwa hali yake ya sasa hana uwezo wa kuongoza wala wa kushiriki mjadala." Hakuna aliyeuliza ni daktari gani aliyesema hivyo. Hakuna aliyekwenda wodini, na wodi ilikuwa mwendo wa dakika ishirini. Tulipiga kura, tukamchagua mwingine, nami nikaweka saini.

Hebu lipimeni jambo hili. Sisi ambao tuliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa katiba kwamba maradhi ya akili hayamwondolei mtu haki ya kusikilizwa, tulitumia maradhi ya mwenzetu kumwondoa bila kumsikiliza. Tulikuwa na hoja ya ripoti ya fedha, hoja ya haki, hoja ambayo pengine ingeshinda mkutanoni mchana kweupe. Tuliiacha mezani tukaishika ile iliyokuwa nyepesi. Na nyepesi ilikuwa ni nini? "Anaumwa." Maneno yale yale ambayo kila mmoja wetu ameyasikia yakisemwa juu yake na shemeji, na mwajiri, na mwenye nyumba.

Alipotoka hospitali alikuta kufuli mpya ofisini. Yeye naye, kwa uchungu, akaita watu wake na kuchonga muhuri wake. Chama kikawa na kamati mbili. Benki ilipopokea barua mbili zenye watia saini tofauti ilifunga akaunti, kama inavyopasa. Kwa miezi tisa kikundi cha mazungumzo cha kila Jumatano hakikukutana, kwa sababu hapakuwa na pa kukutana wala nauli ya wawezeshaji. Ninyi wachache mliokitegemea kikundi kile mnajua mliipitaje miezi hiyo. Viongozi wa pande zote mbili walisema kila siku kwamba wanachama wako pamoja nao. Wanachama hawakuwa wameulizwa. Walikuwa wamenyamaza, nasi tukauhesabu ukimya wao kuwa kura, na hali wahenga walikwisha kutuonya kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Mshindo ulikuja tulipoitisha mkutano wa usuluhishi: kati ya wanachama zaidi ya mia mbili, walikuja thelathini na wanne.

Hatukuwa wa kwanza kugawanyika. Mwaka 1985 vuguvugu la waliopitia hospitali za akili nchini Marekani liligawanyika katika jumuiya mbili za kitaifa, na moja ya hoja kubwa iliyozitenganisha ilikuwa hii hii ya tiba ya kulazimishwa, kama ipingwe kabisa au la. Ule ulikuwa mgogoro wa mawazo, nao una heshima yake, maana mwanachama aliweza kujua anachagua nini. Wetu haukuwa na wazo lolote ndani yake. Ulikuwa wa funguo na muhuri.

Nirudi kwenye saini yangu. Mwaka 1961 daktari mmoja wa Italia, Franco Basaglia, alianza kazi ya kuongoza hospitali ya wagonjwa wa akili katika mji wa Gorizia. Inasimuliwa kwamba katika siku zake za kwanza aliletewa daftari la wagonjwa waliofungwa usiku uliopita, aidhinishe kwa saini kama walivyofanya waliomtangulia, akakataa kusaini. Baadaye akaanzisha mikutano ambayo wagonjwa, wauguzi na madaktari waliketi pamoja na kuzungumzia maisha ya hospitali, na mgonjwa aliweza kusimama akampinga mkurugenzi mbele ya watu wote. Kazi aliyoianza yeye na wenzake ndiyo iliyozaa sheria namba 180 ya tarehe 13 Mei 1978, iliyoanza kuzifunga hospitali kubwa za akili za nchi hiyo. Nimewaza mara nyingi juu ya daftari lile. Kila jioni muuguzi alifunga watu, lakini kufunga kule hakukuwa kamili mpaka asubuhi mtu mwenye cheo aweke jina lake. Nami nilikuwa na daftari langu. Wale watu tisa wasingeweza kumwondoa mwenyekiti bila katibu kuandika kwamba akidi ilitimia. Akidi haikutimia. Niliandika ilitimia. Ninasema haya mbele yenu kwa sababu kumbukumbu zile bado zimo kwenye kabati la ofisi, na ninaiomba kamati mpya iziambatanishe na kauli yangu hii.

Sasa tufanye nini? Mambo mengi yamo katika rasimu ya marekebisho ya katiba mliyogawiwa, sitayarudia yote. Taarifa, akidi na ukaguzi wa hesabu vilikuwamo hata zamani, tulivivunja tukivijua. Nitakaa kwenye mambo mawili ambayo ni mapya.

La kwanza ni kifungu kinachokataza mtu yeyote kutaja ugonjwa, dawa au kulazwa kwa mwenzake kama hoja katika uchaguzi, katika malalamiko au katika kura ya kutokuwa na imani. Kiongozi akishindwa kazi, itajwe kazi iliyoshindikana: ripoti haikuja, mikutano haikuitwa, fedha haikukabidhiwa. Hayo mtu anaweza kuyajibu. "Anaumwa" hakuna awezaye kulijibu, kwa kuwa kila jibu litachukuliwa kuwa dalili. Akikasirika, ni ugonjwa. Akitulia, ni dawa.

La pili nimeliazima kutoka wodini. Sheria ya afya ya akili ya India ya mwaka 2017 inampa mtu mzima haki ya kuandika mapema, akiwa katika utulivu wake, namna anavyotaka na asivyotaka kutibiwa siku atakapozidiwa, na kumteua mtu atakayemsemea. Wengi wenu mmeanza kuandika maelekezo kama hayo pamoja na wauguzi wenu hata pale ambapo sheria haijayatambua. Ninapendekeza kila kiongozi wa chama hiki, siku anapoapishwa, aandike ukurasa mmoja wa namna hiyo juu ya kazi yake: nikiugua, fulani ashike nafasi yangu kwa muda huu, hundi zitiwe saini na fulani, mambo haya yasubiri nirudi, haya yasinisubiri, nijulishwe kwa njia hii, na nikisema nimerejea, tuhakikishe hivi. Ukurasa huo usainiwe mbele ya mashahidi wawili, na mwenye nao aweze kuubadilisha wakati wowote. Ingekuwapo karatasi hiyo mwaka ule, mwenyekiti wetu angeugua kwa wiki tatu, angerudi, na angejibu swali la ripoti ya fedha akiwa amesimama mbele yenu. Pengine mngemwondoa. Lakini mngekuwa mmemwondoa ninyi.

Wapo watakaosema kwamba hii ni kumwandikia kiongozi kuanguka kabla hajaanguka. Ninawaelewa, hata mimi ukurasa wangu ulinichukua wiki nzima, na mkono ulikuwa mzito. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya kuandikiwa na wenzako ukiwa wodini na kujiandikia mwenyewe ukiwa mezani kwako. Nimeuambatanisha wangu kwenye rasimu, mtauona, na mwisho wake nimeacha nafasi tupu, kwa sababu lipo jambo moja ambalo sijaliamua.

Ndugu mwenyekiti wa mkutano, muda wangu umekwisha. Yule niliyemsimulia yupo ukumbini. Aliniambia kwamba zile sehemu mbili alizozifuta angependa kuzisema mwenyewe, kama mkutano utampa dakika kumi. Ninaomba apewe.

Mkutano ulimpa. Aliyoyasema hayamo humu, kwa kuwa nilipomuuliza baadaye kama yaandikwe, alisema la.